Urithi wa Biti 16

Kuna mafaili mawili ambayo wakutubi wengi wa Afrika Mashariki walioanza kazi kabla ya mwaka 2000 watayatambua kwa herufi zake za mwisho. Moja huishia na MST, la pili XRF. La kwanza limebeba rekodi zenyewe: vitabu, tasnifu, ripoti za serikali, magazeti yaliyojalidiwa. La pili linajua kila rekodi imelala wapi ndani ya lile la kwanza. Ukiyanakili kwenye flashi, ukayafungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, utaona maneno yamebanana: jina la mwandishi, mwaka, alama ya ^a, alama ya ^b, kisha ghafla jina la kitabu kingine kabisa. Kila herufi iliyopigwa na mtu bado imo. Kilichoondoka ni programu iliyojua kuzisoma herufi hizo kwa mpangilio wake.

Programu hiyo ni CDS/ISIS. Chimbuko lake ni Geneva, katika Shirika la Kazi Duniani, enzi za kompyuta zilizojaza chumba kizima. UNESCO ikaichukua na kuikuza chini ya Giampaolo Del Bigio, na mwaka 1985 likatoka toleo la kompyuta ndogo, lililoandikwa kwa lugha ya Pascal na kuendeshwa juu ya MS-DOS. Mwaka 1995 ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza sura yake ya Windows, ile tuliyokuja kuiita WinISIS. Maktaba zisizofanya biashara ziliipata bila kulipia programu yenyewe. Kwa maktaba nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ambazo bei ya mifumo ya kibiashara ilikuwa haishikiki, hapo ndipo ilipopatikana katalogi ya kwanza ya kompyuta. Za Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwao.

Kazi iliyofanyika humo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mtu aliketi na droo ya kadi upande mmoja na kibodi upande wa pili. Akasoma kadi. Akapiga jina la kitabu katika nafasi ya 24 na jina la mwandishi katika nafasi ya 70, kwa kufuata kanzidata ya mfano iliyokuja na programu, au akapiga katika namba nyingine ambazo maktaba yake ilijibunia. Akahifadhi, akachukua kadi inayofuata. Umeme ukikatika kabla hajahifadhi, anarudia. Mwandishi mmoja alikuwa na majina matatu kwenye kadi tatu, na ilibidi aamuliwe kuwa ni mtu mmoja. Ripoti ya mradi wa maji haikuwa na mwaka, na ilibidi isomwe ndani hadi mwaka ukisiwe. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mashine. Ulifanywa na watu ambao majina yao hayamo popote katika rekodi walizoziandika, na walikuwa wakilipwa mishahara ya chini.

Leo mkutubi aliyepewa kompyuta mpya yenye Windows 11 akiibofya programu ile, anajibiwa kwa sentensi moja kwamba haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yake. Anamwita fundi. Fundi anajaribu anachokijua: anaingia kwenye mipangilio ya programu, anaiambia ijione kama iko ndani ya Windows XP. Inakataa. Anapiga Windows upya. Inakataa tena. Tusimlaumu fundi, maana kizuizi kiko chini sana kuliko mahali anapofika yeye.

Programu hizi ziliandikwa kwa ajili ya prosesa zilizohesabu kwa biti 16. Intel ilipotoa prosesa yake ya 80386 mwaka 1985, mwaka uleule wa ISIS ya kompyuta ndogo, iliweka humo hali maalumu ya kuiwezesha kujifanya prosesa ya zamani, 8086. Kwa miaka mingi Windows za biti 32 ziliitegemea hali hiyo kuendesha kazi za DOS, na mtumiaji hakuhisi kitu. Mwaka 2003 AMD ikaleta biti 64 katika ukoo huohuo wa prosesa, na prosesa ikishaingia katika hali ya biti 64, kule kujifanya 8086 hakupatikani tena. Lipo na jambo la pili. Mfumo endeshi hukipa kila kitu kinachofunguliwa, liwe dirisha au faili, namba yake ya utambulisho. Katika Windows ya biti 64 namba hiyo ina biti 32 zenye maana, ilhali programu ya zamani imetenga nafasi ya biti 16 tu ya kuipokea. Ni kumimina pishi kwenye kibaba, na kinachomwagika hakizoleki. Microsoft ikaamua kuziacha programu za biti 16 nje ya Windows zake zote za biti 64. Windows 10 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwa na toleo la biti 32. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukafikia ukomo.

Zipo programu za Pascal zilizokufa hata kabla ya hapo, na kifo chake kinanigusa kila nikikifikiria. Nyingi zilizotengenezwa kwa Pascal ya Borland zilikuwa, zikianza tu, zinapima kasi ya prosesa: zinahesabu imezunguka mara ngapi katika muda mdogo uliowekwa, kisha zinagawanya. Prosesa za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipokuja, hesabu ikawa kubwa mno, jibu likakosa nafasi katika biti 16, na programu ikasimama kwa kosa namba 200 kabla haijaandika hata herufi moja kwenye kioo. Aliyeiandika hakukosea chochote kwa kipimo cha siku zake. Hakudhani tu kwamba kompyuta ingekuja kuwa nyepesi kiasi hicho.

Programu ya jana ikifanya kazi kwenye mfumo wa leo, ujue kuna mtu amefanya kazi kubwa ambayo haionekani. Watengenezaji wa Windows 95 waligundua kwamba SimCity, mchezo uliopendwa sana wakati huo, ulikuwa unasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo ulikuwa umekwisha kuirudisha kwa mfumo. Kosa lilikuwa la mchezo, na katika Windows ya awali halikuleta madhara. Wangeweza kuuacha uanguke. Badala yake wakatia ndani ya mfumo wenyewe msimbo wa kuutambua mchezo huo na kuchelewesha kuichukua kumbukumbu hiyo, ili mtoto aliyekuwa akijenga mji wake jana aendelee kuujenga kesho. Raymond Chen wa Microsoft ameandika kwa miaka mingi kuhusu kazi ya namna hii. IBM nayo ilipotangaza mashine zake za System/360 mwezi Aprili 1964 ilijenga msingi ambao mashine zake kubwa za leo bado zinauheshimu, na programu zilizoandikwa wakati ule zinaweza kuendeshwa hata sasa. Apple ina desturi nyingine. Huweka daraja la kuvukia, na baada ya miaka michache hulivunja. Mwaka 2019 ilizifungia nje programu zote za biti 32 katika macOS Catalina, na waliokuwa wakizitegemea wakabaki na mashine za zamani wasizothubutu kuzisasisha.

Ninaheshimu uaminifu wa IBM na ule wa watu wa Windows 95. Hata hivyo unafuata wateja. Benki inayotumia mashine kubwa inalipa ili ya zamani yaendelee. Mchezo uliouzwa kwa wingi unalindwa kwa sababu mnunuzi akiuona umeanguka ataulaumu mfumo mpya. Maktaba ya chuo cha ualimu, yenye kompyuta mbili za mtumba na programu ya kupewa, haina uzito katika mizani hiyo. Tukijenga kumbukumbu zetu juu ya ahadi ya mtu ambaye hatuna cha kumpa, tumejenga juu ya hisani, na hisani ina mwisho.

Hapo ndipo ninapotaka kuiangalia zawadi ya UNESCO kwa makini, kwa sababu ninaishukuru. CDS/ISIS ilikuwa ya bure, lakini msimbo wake haukutolewa. Ilipofika zamu ya biti 64 hapakuwa na mtu Nairobi, Dar es Salaam wala Kampala ambaye angeweza kuchukua msimbo wa WinISIS, akaurekebisha na kuutafsiri upya kwa mashine mpya. Tulikuwa na haki ya kuitumia. Haki ya kuitibu hatukuwa nayo. Kwa miaka mingi tofauti hiyo haikumsumbua mtu, maana programu ilikuwa inafanya kazi.

Kilichotuokoa ni kurasa chache mwishoni mwa mwongozo. Humo wenye programu walieleza wazi jinsi faili la MST lilivyojengwa: rekodi inaanza na nini, orodha ya nafasi zake inakaa wapi, urefu wa kila nafasi unahesabiwaje. Watumiaji wengi hawakuwahi kufika kurasa hizo, na hawakuwa na sababu ya kufika. Lakini kituo cha BIREME cha São Paulo, Brazil, kinachohudumia maktaba za afya, kilitengeneza kwa lugha ya C zana zake chenyewe za kusoma na kuandika mafaili yaleyale, na baadaye kikashiriki kuleta ABCD, mrithi wa ISIS ambaye msimbo wake uko wazi. Wengine wameandika programu ndogo za kuyasoma mafaili ya MST kwa lugha za kisasa, bila kuigusa programu asilia. Kama ningetakiwa kuchagua kati ya kupewa programu nzuri bure na kupewa maelezo ya kweli ya jinsi faili lake lilivyojengwa, leo ningechagua maelezo. Programu inahitaji mtu wa kuibeba kila mashine zinapobadilika, lakini maelezo yale yanasomeka leo kama yalivyosomeka mwaka 1985.

Wapo pia waliotusaidia bila kujua kuwa tupo. Mwaka 2002 Waholanzi wawili, Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg, walitoa DOSBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ya enzi za DOS, kuanzia prosesa hadi kadi ya sauti. Waliitengeneza kwa ajili ya michezo ya zamani. Leo ndani ya DOSBox hiyo ISIS ya mwaka 1985 inafunguka kwenye kompyuta ndogo ya mkononi kama vile haijawahi kulala. Mradi wa Wine, ulioanza mwaka 1993 na kuongozwa na Alexandre Julliard tangu mwaka uliofuata, unaziwezesha programu za Windows kuendeshwa ndani ya Linux, na bado unazikubali za biti 16. Kwa hiyo programu ya Windows ambayo Windows ya biti 64 imeikataa inaweza kufunguka vizuri kwenye Linux ya biti 64. Watu hawa walifanya kazi kwa miaka, wengi bila malipo, wakilinda vitu walivyovipenda, na katalogi zetu zikapita katika mlango walioufungua wao.

Programu ikishafunguka, kazi ngumu ndiyo inaanza. Rekodi zitatolewa nje kwa muundo wa ISO 2709, ambao mifumo ya leo ya maktaba kama Koha inaufahamu. Hapo kuna mitego midogo. ISIS, kwa mazoea yake, huukata mstari kila baada ya herufi 80, urefu uleule wa kadi za kutoboa za IBM, na programu nyingi za kupokea hukwama zikikuta mistari hiyo. Herufi nazo zina kisa chake. Katika DOS, e yenye alama ya Kifaransa, é, ilihifadhiwa kwa namba 130. Windows ilipokuja, namba hiyohiyo ikapewa alama ya nukuu inayokaa chini ya mstari. Katalogi yenye vitabu vya Kifaransa, kama zinavyokuwa za Bujumbura au Lubumbashi, ikihamishwa bila uangalifu inajaa nukuu katikati ya majina, na anayetafuta kitabu kwa jina lake halisi anaambiwa hakipo. Kiswahili kilisalimika, kwa sababu herufi zake zote zimo katika zile 128 za msingi ambazo hazikuguswa. Penye hatari ni ile alama ya ng'. Zamani ilipigwa iliyonyooka, na programu za leo za kuandikia huipinda zenyewe. Rekodi za miaka ya 1990 zina ng'ombe wa alama iliyonyooka, na msomaji wa leo anaweza kumtafuta kwa iliyopinda asimpate.

Kuna mitego ambayo hakuna zana ya kuitegua. Niliwahi kumfuata mkutubi mstaafu nyumbani kwake nikiwa na karatasi yenye namba za nafasi za kanzidata aliyoijenga. Nyingi zilieleweka. Nafasi ya 87 ilinishinda: katika baadhi ya rekodi ilikuwa na herufi K na tarakimu, katika nyingine ilikuwa tupu.

“Hiyo si habari ya kitabu, mwanangu,” aliniambia. “Hicho ni chumba. Vitabu vya mzee aliyetuachia maktaba yake tuliviweka chumba cha nyuma, kabati la kwanza hadi la sita.”

“Na hizi zisizo na K, mama?”

“Hizo zilikuwa zetu tangu mwanzo.”

Kwa maelezo hayo mafupi, mkusanyo wa mtu mmoja, uliokuwa umechanganyika na vitabu vingine ukatoweka machoni, ulionekana tena. Hakuna mahali popote katika mafaili palipoeleza kuwa K ni kabati. Faili la FDT, linaloorodhesha nafasi za kanzidata, liliandika “mahali” na kuishia hapo. Kama ningechelewa, rekodi zingehamia Koha salama, zote, na maana ya herufi ile ingebaki na mama yule.

Wako wanaosema yote haya ni kung'ang'ania vya kale, na hoja yao moja ni ya kweli kabisa. Kompyuta yenye Windows XP iliyounganishwa na mtandao ni hatari. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na kila tundu lililogunduliwa tangu hapo liko wazi, isipokuwa machache. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea dunia nzima na kuzifanya hospitali za Uingereza ziahirishe matibabu ya wagonjwa, Microsoft ililazimika kutoa kiraka hata cha XP, miaka mitatu baada ya kuiaga. Maktaba inayoendesha WinISIS kwenye mashine ya zamani iliyo wazi kwa intaneti inahatarisha rekodi za wanafunzi na nyaraka za ofisi zilizo kwenye mtandao huohuo. Mahali pa programu ya zamani ni ndani ya mashine ya kuigizwa, VirtualBox au DOSBox, waya wa mtandao ukiwa umekatwa, na nakala zake zikiwa zimehifadhiwa mahali pengine. Kuiacha ifanye kazi ya kila siku kaunta, eti kwa sababu wafanyakazi wameizoea, sikubaliani nako.

Lakini sikubaliani pia na wanaotaka ifutwe mara tu rekodi zikishahamishwa. Rekodi si katalogi yote. Katika ISIS, namna kila rekodi inavyoonekana kwenye kioo na kwenye kadi iliyochapishwa imeandikwa katika faili la PFT, kwa lugha fupi ambayo wakutubi wenyewe walijifunza kuiandika. Humo utakuta amri inayosema: kama nafasi ya 70 ina kitu, chapisha jina hilo, kama haina, chapisha taasisi iliyo katika nafasi ya 71. Anayeisoma amri hiyo anaelewa kuwa maktaba ile iliamua kumtanguliza mtu kabla ya taasisi. Amri nyingine inaficha namba fulani za ripoti zisionekane kwa msomaji wa kawaida. Sheria hizo haziingii katika ISO 2709, maana muundo huo hubeba yaliyoandikwa katika nafasi na kuiacha desturi ya kuyaonyesha. Njia ya uhakika ya kuiona katalogi kama waliyoijenga walivyoiona ni kuifungua ndani ya programu yao.

Kwa hiyo maktaba ambayo bado ina mafaili haya kwenye diski ya zamani ina kazi ya kufanya mwaka huu, wakati waliopiga rekodi hizo bado wanaweza kupigiwa simu. Ihamishe rekodi. Itunze programu na kanzidata yake pamoja, ndani ya mashine ya kuigizwa inayofunguka, na imfundishe kijana mmoja kuifungua. Ichapishe FDT na PFT kwenye karatasi, impelekee aliyezitunga, na mbele ya kila namba aandike kwa mkono wake ilikuwa inamaanisha nini. Karatasi hiyo ipewe namba yake katika katalogi mpya, na katika nafasi ya mwandishi lipigwe jina lake.